Kruza ya kwanza: bei ya kununulia si gharama ya kumiliki

Mnunuzi mwenye dola 4,000 mkononi anayeingia katika soko la pikipiki zilizotumika nchini Marekani hukutana na jambo la kushangaza. Kruza ya cc 1,100 yenye umri wa miaka 15 au 20 inaweza kuuzwa kwa bei ileile ya kruza ya cc 500 iliyotoka kiwandani miaka michache tu iliyopita. Wakati mwingine kubwa huwa rahisi kuliko ndogo.

Kwa mtazamo wa haraka, chaguo liko wazi: kwa fedha zilezile mtu anapata injini mara mbili, chuma kingi na mng'ao mwingi. Lakini hapo ndipo wanunuzi wengi wapya hupoteza mtaji wao, na wengine hupoteza zaidi ya mtaji. Bei ya chini ya kruza kubwa si zawadi ya soko. Ni dalili kwamba wanaotaka kuuza ni wengi kuliko wanaotaka kununua, na anayenunua leo ndiye atakayekuwa muuzaji kesho.

Kruza ni zile pikipiki ndefu zenye kiti cha chini, usukani uliorudi nyuma kumfuata mwendeshaji, na sehemu ya kukanyagia iliyosogezwa mbele. Asili ya umbo hilo ni pikipiki za Kimarekani, hasa Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1903. Wajapani waliingia katika biashara hiyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Yamaha ilileta Virago mwaka 1981 na Honda ikaleta Shadow mwaka 1983. Tangu hapo mnunuzi wa kipato cha kati amekuwa na uchaguzi mpana.

WAUZAJI WENGI, WANUNUZI WACHACHE

Sababu ya bei za kruza kubwa kuporomoka inaanzia katika miaka ya neema. Mwaka 2006 soko la Marekani liliuza pikipiki mpya zaidi ya milioni 1. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulipopita, mauzo yalianguka, na kufikia mwaka 2010 yalikuwa chini ya nusu ya kiwango hicho. Pikipiki zilizonunuliwa wakati wa neema hazikuyeyuka. Nyingi zilihifadhiwa katika gereji za nyumbani, zikitembea maili chache kila mwaka.

Wakati huohuo wenye pikipiki wamezeeka. Takwimu za chama cha wafanyabiashara wa pikipiki nchini humo zinaonyesha kuwa umri wa kati wa mmiliki ulikuwa miaka 32 mwaka 1990, na ulifika miaka 50 mwaka 2018. Mtu wa miaka 65 mwenye maumivu ya magoti huuza pikipiki ya kilo 300 kwa sababu hawezi tena kuisimamisha. Kijana wa miaka 25 anayepaswa kuinunua hana fedha, hana nafasi ya kuiegesha, au hana hamu nayo.

Kwa kruza ndogo hali ni tofauti. Kila mwaka kundi jipya la wanafunzi humaliza mafunzo, hupata leseni na kutafuta pikipiki nyepesi ya kuanzia. Wale waliotangulia hukua, hutaka kubwa zaidi na kuuza walizonazo. Bidhaa inazunguka. Ndiyo maana kruza ya cc 250 yenye umri wa miaka 10 hushuka bei polepole. Imekwisha kushuka sehemu kubwa mikononi mwa mmiliki wa kwanza, na mnunuzi wa tatu au wa nne yupo tayari anasubiri.

Yeyote aliyewahi kumiliki bodaboda Dar es Salaam au Nairobi anaijua kanuni hii. Bajaj Boxer haiheshimiwi kwa urembo wake. Inaheshimiwa kwa sababu spea zake ziko kila mtaa, mafundi wanaijua, na siku mwenye nayo akipatwa na shida ya fedha hakosi wa kuinunua.

UKUBWA WA INJINI NA KALAMU YA SERIKALI

Mnunuzi mpya hudhani ukubwa wa injini hupangwa na mahitaji ya barabara. Historia inaonyesha kuwa mara nyingi hupangwa na kodi na leseni. Mwezi Aprili 1983 Rais Ronald Reagan, kwa kuilinda Harley-Davidson, alipandisha ushuru wa pikipiki za kigeni zenye injini inayozidi cc 700 kutoka asilimia 4.4 hadi asilimia 49.4 kwa mwaka wa kwanza, kisha ushuru huo ukapangwa kupungua kwa miaka mitano.

Wajapani hawakukaa kulalamika. Waliipunguza injini ya cc 750 ikawa ya cc 699 na kuendelea kuuza. Mwaka 1987 Harley-Davidson yenyewe iliomba ulinzi huo uondolewe kabla ya muda wake. Matokeo yake ni kwamba hadi leo katika soko la mitumba zimo Virago na Shadow za "700" ambazo hazikuzaliwa kwa sababu ya mwendeshaji bali kwa sababu ya ofisa forodha. Umri wake ni karibu miaka 40, na ingawa bei zake huvutia, kuzitafutia baadhi ya vipuri ni kazi ya mtu mwenye subira. Si pikipiki za kuanzia.

Huko Japani nako leseni ya kati inaishia cc 400, na ndiyo sababu viwanda vyao vilitengeneza kruza nyingi za ukubwa huo, kama Honda Steed na Yamaha DragStar, kwa soko la nyumbani. Funzo kwa mnunuzi ni moja: namba iliyoandikwa ubavuni mwa tangi haimwambii kama pikipiki inamfaa.

HESABU YA DOLA 4,000

Kosa la kwanza la mwenye bajeti ndogo ni kuichukulia bajeti yote kuwa bei ya pikipiki. Mfanyabiashara anayefungua duka hatumii mtaji wote kununua rafu akabaki bila bidhaa. Na hapa ni vivyo hivyo.

Chukulia mnunuzi ametenga dola 4,000. Ada ya mafunzo, ambayo hutofautiana jimbo hadi jimbo, aiwekee dola 250. Kofia ngumu, jaketi, glavu na buti aviwekee dola 600. Bima na usajili wa mwaka wa kwanza dola 500. Tairi mbili mpya, betri, oili na marekebisho madogo ambayo karibu kila pikipiki iliyotumika huyahitaji, dola 450. Jumla ni dola 1,800. Kilichobaki kwa ajili ya pikipiki yenyewe ni dola 2,200.

Mnunuzi huyo akipata kruza ndogo kwa dola 2,200, akaitumia misimu miwili na kuiuza kwa dola 1,900, atakuwa amepoteza dola 300 za thamani. Mwenzake aliyevutwa na kruza kubwa ya dola 3,600 anabaki na dola 400, ambazo hazitoshi hata bima na kofia. Atakopa, au ataendesha bila vifaa na juu ya tairi za zamani. Misimu miwili baadaye, akipata mnunuzi wa dola 2,700, amepoteza dola 900 bila kuhesabu riba. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini kila mnunuzi anaweza kuweka bei za mji wake na kuona mizani inaelekea wapi.

Harley-Davidson iliielewa hofu hii ya mnunuzi mapema. Mwaka 1986 ilileta Sportster ya cc 883 kwa bei ya dola 3,995, kisha ikawaahidi wanunuzi kwamba wakirudi ndani ya muda uliowekwa kuchukua pikipiki kubwa zaidi, watahesabiwa dola 3,995 zilezile. Kampuni ilikuwa inauza uhakika wa kurudisha mtaji. Leo hakuna anayempa mnunuzi wa mitumba ahadi hiyo, hivyo inambidi aitafute mwenyewe kwa kuchagua pikipiki inayotafutwa na wengi.

GHARAMA YA KUJIFUNZA

Vifaa na mafunzo si mapambo ya kupunguza endapo fedha ni kidogo. Zaidi ya watu 6,000 walikufa katika ajali za pikipiki nchini Marekani mwaka 2022. Idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, inakadiria kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa katika ajali kwa asilimia 37. Hakuna kitu kingine katika orodha ya dola 4,000 chenye faida inayokaribia hiyo.

Uchunguzi uliofanywa na Harry Hurt na wenzake huko Los Angeles, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kukagua ajali 900, uligundua kuwa asilimia 92 ya waendeshaji waliohusika hawakuwa na mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu yao walikuwa na chini ya miezi 5 ya uzoefu juu ya pikipiki ileile waliyopata nayo ajali, ingawa wengi walikuwa wameendesha pikipiki nyingine kwa muda mrefu zaidi. Miezi ya kwanza na chombo kipya ndiyo ya hatari, na uzito ukiongezeka hatari hiyo haipungui.

Habari njema kwa mwenye bajeti ni kuwa katika majimbo mengi anayefaulu kozi ya msingi husamehewa mtihani wa barabarani wa leseni, na kampuni nyingi za bima humpunguzia malipo. Aidha, kozi hufanyika juu ya pikipiki za chuo. Mtu anaweza kuziangusha hizo kabla hajaiangusha ya kwake.

ZILIZO SOKONI NA TABIA ZAKE

Honda Rebel 250, iliyoanza mwaka 1985 na kuondolewa baada ya modeli ya 2016, ndiyo iliyofundisha Wamarekani wengi. Ina silinda mbili, cc 234, na uzito wa takriban kilo 150. Haina makuu na ni vigumu kuiua. Udhaifu wake ni barabara kuu, ambako mwendeshaji mzito mwenye upepo usoni ataona injini imekwisha nguvu.

Mshindani wake ni Yamaha Virago 250, ambayo kuanzia mwaka 2008 iliitwa V Star 250. Uzito wake unakaribia kuwa uleule, lakini injini yake ina silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, hivyo mlio na sura yake vinakaribia kruza kubwa.

Suzuki Savage ya mwaka 1986, iliyobadilishwa jina kuwa Boulevard S40 mwaka 2005, ina silinda moja kubwa ya cc 652 na gurudumu lake huzungushwa kwa mkanda badala ya mnyororo. Ni nyepesi kwa ukubwa wa injini yake. Mnunuzi aangalie mambo mawili yanayojulikana: oili inayovuja juu ya kichwa cha injini, na kikaza mnyororo wa ndani wa injini ambacho huchoka.

Kwa anayesafiri mbali, daraja la kati lina thamani nzuri. Kawasaki Vulcan 500 LTD, iliyouzwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2009, inapozwa kwa maji na ina gia sita. Honda Shadow VLX ya cc 583, iliyokoma mwaka 2007, ina gia nne tu lakini haisumbui. Yamaha V Star 650 hutumia shafti, hivyo mwenye nayo husahau habari za kupaka na kukaza mnyororo, ila uzito wake unapita kilo 220 na mwenye umbo dogo aijaribu kwanza kuisukuma kwa miguu kabla ya kutoa fedha.

Mwaka 2017 Honda ilirudi na Rebel 300 kwa dola 4,399 na Rebel 500 kwa dola 5,999, zote zikiwa na mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Kwa nyongeza isiyozidi dola 300 mnunuzi aliweza kupata breki za ABS zinazozuia gurudumu kujifunga. Taasisi ya bima ya IIHS imeona kuwa ajali za vifo ni pungufu kwa takriban asilimia 22 kwa pikipiki zenye ABS zikilinganishwa na zilezile zisizo nayo. Anayezikuta zilizotumika ahakikishe ipi anaangalia, kwa kuwa tofauti ya bei katika soko la mitumba mara nyingi ni ndogo.

Harley Sportster 883 iliyotumika nayo huwania fedha za mnunuzi mpya. Jina lake huuzika haraka na vipuri vimejaa. Lakini ina uzito wa takriban kilo 250, na sehemu kubwa ya uzito huo iko juu. Ni pikipiki nzuri ya pili.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

Kwa pikipiki iliyokaa gereji, maili chache si sifa peke yake. Kilichokaa nacho huharibika. Petroli iliyolala katika kabureta hugeuka utomvu na kuziba vijitundu, na kazi ya kuzisafisha inaweza kula sehemu nzuri ya bei.

Mnunuzi amwombe muuzaji asiiwashe pikipiki kabla hajafika, kisha aguse injini kwa tahadhari. Ikiwa ya moto, kuna jambo linafichwa, kwa kawaida ugumu wa kuwaka asubuhi. Afungue tangi na kumulika ndani kwa tochi kutafuta kutu. Aangalie mirija ya mbele kama ina oili inayovuja, na maji ya breki kama yamekuwa meusi.

Tairi husomwa kama cheti cha kuzaliwa. Kwa zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT huonyesha juma na mwaka. Namba 2314 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya umri huo imekauka na haishiki barabara yenye maji. Gharama ya kuibadilisha iondolewe kwenye bei hapohapo.

Mikwaruzo nayo husema. Ncha ya mkono wa klachi iliyopinda, kikanyagio kilichosagika upande mmoja na kioo kipya upande huohuo ni hadithi ya kuanguka. Kuanguka ukiwa umesimama ni jambo dogo, ni la kupunguziwa bei. Usukani usionyooka na gurudumu ni jambo la kuondoka.

KARATASI KWANZA

Wapo wanaokagua injini saa nzima na kuipitia hati kwa nusu dakika. Hati ya umiliki lazima iwe kwa jina la anayeuza, na namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17 iliyopigwa kwenye shingo ya fremu ilingane nayo. Taasisi ya NICB ina huduma ya bure ya kuangalia kama chombo kimeripotiwa kuibwa, na NHTSA huonyesha kama kuna hitilafu ya kiwandani ambayo haijarekebishwa.

Hati iliyoandikwa kuwa chombo kiliwahi kufutwa na bima baada ya ajali hushusha bei, na wauzaji huitaja kama nafuu. Nafuu hiyo hulipwa siku ya kuuza. Benki nazo zina sauti: kama mkopo wa muuzaji haujaisha, pikipiki ina mwenyewe mwingine, na fedha zipitie benki hiyo.

MSIMU WA SOKO

Katika majimbo yenye theluji, bei hupanda kuanzia mwezi Machi jua linapochomoza na kila mtu kukumbuka barabara. Kuanzia Oktoba hadi Januari muuzaji anatazama miezi ya kulipia bima na nafasi ya kuhifadhi chombo ambacho hakitumii. Mwenye fedha taslimu wakati huo ndiye mwenye neno. Kasoro yake ni kwamba hawezi kuijaribu vizuri juu ya barafu, na ataihifadhi yeye hadi majira ya kuchipua. Ni bei ya haki kwa punguzo analopata, na miezi hiyo inatosha kuhudhuria mafunzo yanapofunguliwa, kununua kofia inayomkaa sawasawa na kubadilisha tairi.

Anayenunua Novemba na kukusudia kuuza Aprili ya mwaka wa pili au wa tatu huingia soko likiwa chini na kutoka likiwa juu. Hapo hata zile dola 300 za mfano zinaweza kurudi mfukoni.

Kwa hiyo mwenye kutafuta kruza ya kwanza asiulize kwanza fedha zake zinaweza kununua injini kubwa kiasi gani. Aulize ni nani atakayeinunua kwake, kwa muda gani na kwa bei gani, na kama baada ya kulipa atabaki na fedha za kofia. Pikipiki inayotoa majibu mazuri kwa maswali hayo mara nyingi ni ndogo, ya kawaida, na imeegeshwa pembeni ya ile kubwa inayong'aa.